Dawa ya Kuwashwa Sio Dawa ya Kukosa Pumzi

Desemba ya mwaka juzi familia yote ilikuwa kwa shangazi yangu, Kitengela. Kulikuwa na nyama, kelele, na keki iliyoletwa na wageni. Binamu yangu, mtoto wa huyo shangazi, tangu akiwa mdogo hali korosho. Akauliza kama keki ina korosho. Akaambiwa haina. Aliyejibu hakuwa na nia mbaya, ni vile si yeye aliyeipika. Korosho ilikuwa ndani ya krimu, imesagwa laini.

Dakika tano hazikuisha akaanza kujikuna. Midomo ikafura, shingo ikajaa mabaka kama ya mtu aliyeguswa na upupu. Shangazi hakubabaika. Aliingia chumbani akatoka na vidonge viwili vya Piriton. (Hapa kwetu kila kidonge cha aleji kinaitwa Piriton, hata kama pakiti imeandikwa kitu kingine kabisa.) Jamaa akameza, akaketi kwa kochi, na polepole mabaka yakaanza kupungua. Sisi tukarudi kwa stori zetu. Hata mimi nilimcheka, nikamwambia uso umekuwa kama mandazi.

Kama dakika 40 baadaye sauti yake ikaanza kukwaruza. Akasema tumbo linamkata. Akasimama aende choo, akapiga hatua tatu, akaanguka mlangoni. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Tulimbeba mzobemzobe hadi kwa gari la jirani, shangazi akilia na kuomba njia nzima.

Hospitalini nesi aliuliza maswali mawili tu: amekula nini, na mmempa nini. Akachukua kichupa kidogo cha kioo, akakivunja shingo, akavuta dawa kwa sindano, akamchoma pajani. Sikuwa na saa, lakini nilikuwa bado nimeshikilia viatu vyake mkononi wakati alianza kupumua kama binadamu. Shangazi akajitetea kwamba tulimpa Piriton mapema. Nesi hakumfokea. Alimwambia tu, "Mama, hiyo ni ya kuwashwa. Huyu alikuwa anakosa pumzi."

Maneno hayo yamekaa na mimi mpaka leo. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na kozi yangu haikuwa na uhusiano wowote na dawa, kwa hivyo msinichukulie kama daktari. Lakini najua kusoma, na nilitaka kujua kitu kimoja: kama kuna dawa inayofanya kazi hivyo, kwa nini sisi sote, nyumba nzima ya watu wazima, tulikimbilia ile nyingine?

Jibu liko kwa historia, na historia yenyewe ni tamu.

Mwaka 1901 mtawala wa Monaco, Albert wa Kwanza, aliyependa bahari kuliko siasa, aliwaalika wanasayansi wawili Wafaransa kwa meli yake. Mmoja aliitwa Charles Richet, mwingine Paul Portier. Kazi yao ilikuwa kuchunguza sumu ya yule kiumbe wa baharini anayeelea kama puto la buluu na kuburuta nyuzi ndefu zinazochoma vibaya. Waliporudi Ufaransa wakaendelea na sumu ya kiumbe mwingine, anayekaa kwenye mawe ya bahari kama ua. Wazo lao lilikuwa la kawaida kwa wakati ule: mpe mbwa sumu kidogo, mwili uzoee, kisha hata ukimpa tena haitamdhuru. Si ndivyo chanjo zinavyofanya?

Kulikuwa na mbwa mmoja anaitwa Neptune, mwenye afya nzuri sana. Alipewa sumu kidogo, hakuumwa. Baada ya wiki tatu hivi akapewa kiasi kidogo vilevile. Badala ya kuvumilia, akaanza kutapika na kuharisha damu palepale, akaanguka, akafa katika dakika 25. Mwili haukuwa umezoea. Ulikuwa umejifunza kuogopa. Richet na Portier wakaipa hali hiyo jina jipya, anafilaksisi, yaani kinyume cha kinga, na mwaka 1913 Richet akapewa Tuzo ya Nobel. Neno aleji lenyewe lilikuja 1906, likaletwa na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet.

Sasa shika mwaka huo wa 1901. Wakati Richet yuko baharini, New York kulikuwa na mkemia Mjapani, Jokichi Takamine, aliyekuwa akinunua tezi za wanyama kutoka vichinjioni. Tezi hizo hukaa juu ya figo, na tangu 1894 Waingereza wawili, Oliver na Schäfer, walikuwa wameonyesha kwamba maji yake yakiingia kwenye damu, presha inapanda ghafla. Kila mtu alitaka kujua ni nini ndani ya maji hayo. Takamine na msaidizi wake Keizo Uenaka (ambaye ndiye aliyeshika chupa usiku na mchana, na ambaye nusu ya vitabu havimtaji, maisha ni hayo) walifaulu kuitoa ikiwa safi, kama unga wa fuwele. Kampuni ya Parke-Davis ya Detroit ikaiuza kwa jina Adrenalin. Ndio maana Wamarekani mpaka leo huiita epinefrini: lile jina jingine lilikuwa na mwenyewe.

Kwa hivyo ugonjwa na dawa yake vilijulikana karibu wakati mmoja, pande mbili za Atlantiki. Na haikuchukua muda: kufikia 1903 kuna madaktari New York walikuwa wanawachoma wagonjwa wa pumu adrenalini na kuona vifua vikifunguka.

Kidonge cha shangazi kilikuja baadaye sana.

Mwaka 1910, London, Henry Dale na Patrick Laidlaw walichunguza kemikali moja inayoitwa histamini. Walipomchoma mnyama, mambo yaliyotokea yalifanana sana na ule mshtuko wa Richet. Wazo likazaliwa: pengine histamini ndiyo mkosaji. Mzuie huyo, umemaliza kesi. Mwaka 1937, katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris, Daniel Bovet na mwanafunzi wake Anne-Marie Staub walipata kitu cha kwanza kinachozuia histamini. Kilikuwa na sumu mno, hakingeweza kupewa mtu. Mwaka 1942, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, ikaja Antergan, ya kwanza kutumika kwa watu. Marekani, mkemia wa Cincinnati anayeitwa George Rieveschl akatengeneza yake, na 1946 ikaingia sokoni kama Benadryl. Iliuzwa na nani? Parke-Davis. Wale wale wa adrenalini. Kampuni moja ilikuwa na dawa zote mbili kwa rafu yake.

Bovet naye akapata Nobel, 1957.

Dawa hizo za kwanza zilikuwa na tabia moja mnayoijua: usingizi. Zinaingia mpaka kwenye ubongo. Kutoka kwa familia hiyo hiyo ya kemikali Wafaransa walipata klopromazini, dawa ya kwanza iliyotuliza wagonjwa wa akili waliokuwa wamefungiwa miaka na miaka. Hiyo ni stori ya siku nyingine. Baadaye zikaja zisizoleta usingizi sana, kama loratadini na setirizini. Moja ya mapema, tefenadini, ililazimika kutolewa sokoni Marekani miaka ya mwisho ya 1990 kwa sababu ikichanganywa na dawa fulani ilivuruga mapigo ya moyo.

Haya. Kwa nini basi hii ya 1942 ilipita mbele ya ile ya 1901?

Nadhani ni kwa sababu inaonekana ikifanya kazi. Aleji ya chakula mara nyingi huanza kwa ngozi, na mara nyingi huishia hapo hapo. Umekula kamba, umewashwa, umemeza kidonge, kuwashwa kumeisha. Kesho unamwambia jirani. Mara kumi inakuwa hivyo, na mara nyingi kati ya hizo ingetulia hata bila kidonge. Lakini kidonge ndicho kinachukua sifa. Sindano nayo inatisha, ni ya hospitali, na ukichomwa moyo unadunda kama ngoma na mikono inatetemeka. Hata madaktari wenyewe kwa miaka mingi waliiweka adrenalini mwisho, kama mzee wa ukoo anayeitwa tu kukiwa na matanga.

Shida ni kwamba Dale na Laidlaw walikuwa sahihi nusu tu. Histamini ni mmoja kati ya wengi. Chakula kikiingia kwa mwili wenye aleji, kuna seli zinazopasua mifuko yao na kumwaga kemikali chungu nzima: histamini imo, lukotrini zimo, prostaglandini zimo, na nyingine. Lukotrini hubana kifua. Nyingine hulegeza mishipa mpaka damu inakosa nguvu ya kufika kichwani. Antihistamini inafunga mlango mmoja. Mlango huo ndio wa kuwasha, ndio maana ngozi ya binamu yangu ilitulia huku kifua kikiendelea kufungwa kimya kimya. Ile nafuu tuliyoiona kwa ngozi ndiyo ilitulaza.

Adrenalini haishindani na kemikali hizo moja moja. Inabana mishipa presha irudi, inafungua njia za hewa, inausukuma moyo, na inaziambia zile seli ziache kumwaga. Ikichomwa kwa msuli wa paja inaanza kazi ndani ya dakika chache. Kidonge lazima kipite tumboni, na kinahitaji kama nusu saa au zaidi.

Nusu saa. Kuna daktari wa Manchester, Richard Pumphrey, aliyekaa na faili za watu waliokufa kwa anafilaksisi Uingereza kati ya 1992 na 1998. Alipopima muda kutoka mtu kuanza kuumwa mpaka moyo kusimama, kwa waliouawa na chakula muda wa katikati ulikuwa dakika 30. Piga hesabu mwenyewe. Baadaye aliandika jambo jingine ambalo nikilisoma nilifunga simu nikatembea kidogo: baadhi ya waliokufa walianguka mara tu baada ya kuinuliwa waketi au wasimame, kwa sababu damu yote ilikuwa imekimbilia chini. Binamu yangu alisimama kwenda choo, na hakuna mtu kwa hiyo nyumba aliyejua kumwambia alale.

Utafiti ulionikaa zaidi ni wa Hugh Sampson na wenzake, uliotoka 1992 Marekani. Ni mdogo, watoto na vijana 13. Wote walijulikana wana aleji ya chakula. Wote walikula bila kujua, kwa peremende, biskuti na keki. Karibu wote walikuwa na pumu. Sita walikufa, saba wakaponea chupuchupu. Kati ya sita waliokufa, ni wawili tu waliopata adrenalini ndani ya saa ya kwanza. Kati ya saba waliopona, sita waliipata ndani ya dakika 30. Na walioishi si kwamba walikuwa na bahati ya kuumwa polepole: wote walianza kuumwa ndani ya dakika tano.

Mtu mjuaji ataniambia watu 13 si ushahidi. Ni kweli, na hapa kuna jambo la ajabu. Ukitafuta jaribio la kisayansi lililowagawa wagonjwa makundi mawili, hawa adrenalini na hawa antihistamini, halafu likahesabu nani alipona, hulipati. Profesa Aziz Sheikh na wenzake walilitafuta kwa ajili ya mapitio ya Cochrane, wakachapisha kuhusu antihistamini 2007 na adrenalini 2008. Hawakupata jaribio hata moja linalofaa, kwa dawa yoyote kati ya hizo mbili. Na nani angelifanya? Utamwangalia mama machoni umwambie mtoto wake ameangukia kundi la vidonge? Kwa hivyo ulinganisho wote tulio nao umejengwa kwa kuelewa mwili unavyofanya kazi, na kwa faili za waliokufa. Kwangu mimi hizo faili zinatosha.

Zipo dawa nyingine njiani nitazipitia haraka. Steroidi zilivuma baada ya 1948, Philip Hench wa Mayo Clinic alipowapa wagonjwa wa viungo kotisoni wakainuka vitandani. Hospitali bado huzichoma kwa aleji kali, lakini zinachukua masaa kufanya kazi, kwa hivyo kwa dakika zile za hatari hazina la kusema. Kromoglikati nayo ilianza na mmea wa Misri unaoitwa khella. Daktari Roger Altounyan, mwenye pumu mwenyewe, alikuwa anavuta vumbi la manyoya ya wanyama wa maabara ili ajishambulie, kisha anajaribu dawa kifuani mwake. Mara mamia! Ilisaidia pumu, ikawekwa hata kwa kapsuli za kumeza kabla ya chakula, ikasaidia wachache. Si dawa ya dharura.

Na kuna mpya. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha Palforzia, unga wa njugu unaopewa mtoto kidogo kidogo kila siku mwili uzoee. Lile wazo la Richet lililomuua Neptune, sasa likifanywa polepole na chini ya daktari. Februari 2024 wakaidhinisha omalizumabu, sindano iliyokuwa ya pumu tangu 2003, kwa aleji ya chakula. Katika utafiti wake, karibu thuluthi mbili ya waliochomwa waliweza kula protini sawa na ya njugu mbili hivi bila matatizo makubwa, huku waliopewa dawa bandia wakifaulu 7 kwa 100. Njugu mbili inaonekana ni mzaha mpaka ukumbuke kuna mtu anayeogopa kijiko kilichogusa njugu. Lakini hizi zote ni za kujikinga. Ukiwa umeshaanza kukosa pumzi, dawa ni ile ile ya Takamine.

Kilichobadilika ni chombo chake tu. Miaka ya 1970, mhandisi Sheldon Kaplan wa Maryland alikuwa anatengenezea jeshi la Marekani sindano inayojichoma yenyewe, ya kumwokoa mwanajeshi akipigwa na gesi ya sumu. Unagandamiza pajani, basi. Wakaona inaweza kubeba adrenalini, na 1987 EpiPen ikaidhinishwa. Dawa ndani ni ya senti chache. Lakini kutoka 2007, kampuni ya Mylan ilipoichukua, bei ya pakiti ya mbili ilipanda kutoka dola 100 hivi mpaka zaidi ya 600 kufikia 2016, na bosi wake akaitwa mbele ya Bunge la Marekani kujieleza. Mwaka 2024 wakaidhinisha hata ya kupuliza puani, isiyo na sindano kabisa.

Baada ya Kitengela nilizunguka kemisti sita za mtaani kwetu kuulizia hiyo ya kujichoma. Wawili hawakuwa wameisikia. Mmoja aliniambia inaweza kuagizwa, akataja bei, nikamshukuru nikatoka. Wote sita walikuwa na Piriton.

Na hapa ndipo nakasirika kidogo, kwa sababu yule nesi hakutumia kitu cha Marekani. Alitumia ampuli ya kawaida, miligramu moja, iliyo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Dawa hiyo haina mwenyewe tena na iko hospitali. Tulichokosa sisi ni dakika 40 tulizokaa nazo tukichekana, tukidhani tumeshatibu.

Simwambii mtu atupe Piriton. Ukiwashwa baada ya kula kitu na ni ngozi tu, meza, na uendelee kujiangalia. Lakini sauti ikikwaruza, kifua kikipiga filimbi, ukitapika mfululizo au ukihisi kizunguzungu baada ya kula kitu unachojua hakikupendi, hapo hakuna cha kungoja kidonge. Lala chini, miguu juu, isipokuwa kama kulala kunakunyima pumzi zaidi, na watu watafute gari.

Binamu yangu alirudi kliniki Januari. Daktari alimwandikia ampuli mbili na sindano kadhaa, akachora mstari mwekundu kwa kila sindano kuonyesha dawa ifike wapi, na akamfundisha shangazi kuvunja shingo ya kioo bila kujikata. Shangazi alifanya mazoezi kwa machungwa wiki nzima. Pale jikoni kulikuwa na bakuli la machungwa yenye matundu, na ukimwuliza anakuambia usiyakule, ni ya masomo. Vile vitu sasa vinakaa kwa mkebe wa siagi wa zamani, na jamaa akitoka nyumbani anapigwa simu kabla hajafika stejini: "Umebeba mkebe?"

Juzi tulikuwa harusini Machakos. Nilimwona anauliza mpishi kuhusu mchuzi, mpishi akamwambia hauna korosho. Akamwuliza, "Wewe ndiye umeupika?" Mpishi akasema hapana, ngoja nimwite.